Herufi Hizi Hazikuwa Zako, Kiptoo

Mheshimiwa diwani, uliyeacha mapumziko yako ya Jumamosi ukaja kukaa na sisi, Mchungaji Akilimali, baba yetu wa kiroho, wazee wetu mkiongozwa na mzee Bruno, wamama wa kwaya mliokuwa jikoni tangu asubuhi, vijana wetu mnaosikia Kiswahili na kujibu Kiingereza, ndugu Kiptoo, na wewe Bwana Maxwell, uliyetumwa na kampuni inayomiliki redio sasa: nawasalimu wote katika jina la Bwana Yesu.

Aline mwanangu, wewe uliyekaa karibu na Bwana Maxwell, mtafsirie kila kitu. Usimtilie sukari.

Prince, mshereheshaji wetu, ameniomba mambo mawili: nimuage kaka Ildephonse, na nimshukuru ndugu Kiptoo kwa kuikabidhi redio yetu kwa amani. La kwanza nitalifanya kwa moyo wote. La pili nimeliombea wiki nzima kule kazini, nikiwalisha wazee wa watu uji huku nasema na Mungu ndani kwa ndani, na mpaka sasa halijapita kooni. Mungu anisamehe, nimeingia katika ukumbi wa kanisa na hasira yangu. Sikupata pa kuiacha.

Nani hapa hamjui Ildephonse? Wiki nzima anabeba maboksi ghalani hapa ugenini Ingleburn, na Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, alikuwa anakaa kwenye maikrofoni ya redio ya eneo letu na kusema: "Hapa ni TPM, Tupo Pamoja Macarthur." Mkongo wa Uvira anaongeza sauti, Mrundi wa Makamba anaongeza sauti, na wale waliobaki kambini Nyarugusu wanasogeza simu sikioni. Halafu anasoma misiba. Anataja jina la marehemu, wazazi wake, kambi aliyokaa, na kanisa atakaloombewa. Akimaliza ananyamaza, ananyamaza kweli, mpaka anayeendesha gari anadhani redio imeharibika. Nilimuuliza siku moja, "Kaka, mbona unatuacha hivyo?" Akanijibu, "Dada Emerance, aliyesikia habari hiyo anatafuta kiti. Nimwache akae."

Ndiyo maana kwetu mtu alikuwa hajafa mpaka TPM imesema. Msicheke, mnajua ni kweli. WhatsApp imeshamuua mzee Bruno mara mbili, na yule pale anamalizia sambusa. Tukajifunza: ujumbe ukija kwenye simu, unangoja Jumapili. Ildephonse akisoma, unafunga kitambaa kichwani na kwenda matangani. Asiposoma, unamshukuru Mungu na kuendelea na kazi.

Sasa nije kwenye kinachoniuma.

Mwezi wa sita redio ilibadilisha wenyewe. Sawa, redio huuzwa, mitambo huchakaa, sisi si wa kwanza. Lakini kampuni ya Bwana Maxwell haikuchukua mitambo tu. Imechukua na zile herufi tatu. Masafa ni yale yale, jina ni lile lile, na Jumapili saa ile ile ya misiba wanatangaza kamari za mbio za farasi. Ukiuliza TPM ni nini, wanakwambia ni muziki wa kuchangamka. Tupo Pamoja imekwenda wapi? Nani aliwaambia tumeachana?

Nilimpigia simu ndugu Kiptoo, aliyewakabidhi. Akacheka. "Mama Emerance, hizo ni herufi tu. Chukueni nyingine, alfabeti ni kubwa." Nikamwambia, "Basi jina la mama yako mpe jirani, majina yapo mengi." Akakata simu.

Unatikisa kichwa, ndugu Kiptoo. Sema, nakusikia, ukumbi si mkubwa.

Anasema herufi ziliandikishwa kwa jina lake, tena kwa mikono yetu wenyewe.

Ni kweli. Kaa, sikukatalii. Siku tunaanzisha redio tulihitaji mtu wa kuandikishwa kama mwenye jina. Wakongo wakasema, akishika Mrundi itakuwa redio ya Warundi. Sisi Warundi tukasema, akishika Mkongo tutasikia rumba mpaka Yesu arudi. Tukabishana hadi chai ikapoa, kisha mtu akasema, "Tumpe Kiptoo. Yeye Mkenya, hana upande." Tukapiga makofi. Tulikuwa tunaogopana sisi kwa sisi, tukampa mali yetu mtu kwa sababu hakuwa mmoja wetu. Hilo ni letu na tulibebe. Lakini wewe, ndugu yangu, tulikupa uitunze, kama mtu anavyomwachia jirani mtoto akienda shifti. Akirudi, jirani anamwambia mtoto ameshapata wazazi wengine? Na wewe ulikuwa na sababu gani ya kutotuuliza hata neno moja?

Kisha mwezi wa nane Mama Nella akafariki.

Kwa wageni wetu: Mama Nella alikuwa mkunga wetu kambini. Généreuse, aliyekaa pale na mtoto mgongoni, alizaliwa mikononi mwake. Nusu ya vijana walio humu, mikono ya kwanza kuwagusa duniani ilikuwa ya yule mama. Familia yake ikapiga simu TPM, namba ile ile ya siku zote. Wakajibiwa, "Sorry mama, hatufanyi hiyo tena." Wakatuma WhatsApp. Nanyi mliipata. Vénérand kule Toongabbie aliipata, Généreuse aliipata. Wakasema nini? "Mbona TPM haijasema?" Wakawasha redio Jumapili, wakaisikia inaitika kwa jina lile lile, wakasikia farasi, wakashukuru kwamba mama yetu mzima. Jumanne tukamzika. Aliyepokea watoto wa kambi nzima, tuliomsindikiza tulitosha kwenye gari mbili.

Généreuse alinipigia siku ya pili, akiwa na maua, anauliza kama Mama Nella amelazwa hospitali gani.

Kwa hiyo Bwana Maxwell, usiniambie jina ni la kwenye karatasi. Mngekuja na jina lenu, watu wangejua redio yao imekwisha, wangetafuta njia nyingine. Mlivaa nguo ya maiti mkaitika anapoitwa, na watu wakawaamini.

Leo umekuja na kamera. Umetuletea na keki yenye herufi tatu juu yake, na unataka wazee wasimame nyuma yake na vitenge vyao ionekane tumebariki. Tena umemwambia kaka Ildephonse kwamba, akianza kutangaza kwenye mtandao kutoka gereji ya Vénérand, akizitamka herufi hizo atakutana na mawakili. Mimi niliishia darasa la saba kambini, sheria siijui. Pengine mahakamani mtashinda. Keki tutakula, watoto wameiangalia vya kutosha. Picha hamtapata, na shukrani, ndugu Kiptoo, sina. Nitaendelea kukuombea, nalo si jambo dogo kwa hali niliyonayo.

Kaka Ildephonse, niliitwa nikuage. Nimeshindwa. Mtu haagwi akiwa na kazi haijaisha, na Mama Nella bado hajasomwa. Njoo uchukue maikrofoni hii. Anza kama ulivyokuwa unaanza, na herufi zote tatu, mbele ya Bwana Maxwell na kamera yake. Kisha taja jina lake, na la baba yake, na la mama yake, na kambi. Ukimaliza, tunyamazie.

Vijana, wapeni wazee viti. Nawashukuru kwa kunivumilia. Sasa msikilizeni yeye.