Bi. Hellen Kyaruzi, Aliyeunganisha Kahawa na Sabuni

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Hellen Kyaruzi, msimamizi wetu wa mitambo, anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda hiki cha Bukoba kwa miaka thelathini na minne. Alitoka Kamachumu akiwa fundi mchundo, mwanamke wa kwanza katika karakana yetu. Kazi haikumtoka hata Jumapili: kanisani walishazoea kusikia spana ikianguka kutoka kwenye mkoba wake wakati wa sadaka.

Wageni huuliza kwa nini bomba nene linavuka ukuta kati yetu na kiwanda cha sabuni cha Bw. Burhani. Nieleze taratibu. Sisi tunakoboa kahawa ya maganda, na zamani makapi yake yalikuwa kilima nyuma ya ghala. Bw. Burhani alichemsha sabuni kwa kuni. Kuni zilipoadimika, aliwaambia wafanyakazi wake waanze kutafuta kazi kwingine. Hellen akapanda juu ya kilima chetu, akamwita ng'ambo ya ukuta na kumuuliza kama boila lake linachagua chakula. Tangu hapo makapi yetu ndiyo kuni zake. Joto linalobaki hurudi kwetu kwa bomba lile na kukausha kahawa wakati wa mvua, na majivu huenda kurutubisha vibanja, yaani mashamba ya migomba, vya Nyanga.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Msimu wa kwanza mvua haikukatika, na ua ulijaa kahawa ya wakulima wa Muleba iliyoanza kuota ukungu. Ilihitaji joto la bomba haraka, lakini joto lile lilitoka kwenye sabuni, na kahawa hunyonya harufu kama nguo inavyonyonya moshi. Kwa hiyo Hellen alitangulia kukausha debe moja kutoka shambani kwake, akawapa kinamama wachambuaji watafune, kama sisi huku tunavyomkaribisha mgeni kwa kahawa ya kutafuna. Mama Kokushubila, mmoja wao, alitafuna, akatema.

“Waitu Hellen, hii si ya kumkaribisha mgeni, ni ya kumwogesha!”

Ukumbi wote ulicheka, isipokuwa Hellen. Meneja wa wakati huo alimsihi aendelee, akisema wanunuzi hawatagundua. Alikataa. Alizima kikaushio, akatoka mvuani kuwaeleza wakulima sababu, na akatukanwa kwa Kihaya na kwa Kiswahili. Kisha yeye na mafundi wa Bw. Burhani walilipekua bomba mpaka wakaupata ufa uliokuwa ukivuta mvuke wa sabuni, wakauziba.

Debe la pili Mama Kokushubila alitafuna bila kutema, akachota kiganja kingine na kukifunga kwenye pindo la kanga. Kikaushio kikawashwa. Msimu ule hakuna gunia la mkulima lililorudishwa na mnunuzi, na kiwanda cha sabuni hakikumwachisha mtu kazi.

Bi. Hellen, kuendelea siku ile kungekuwa rahisi, na kusimama kulikugharimu. Asante kwa kusimama. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na miaka mingi ya furaha pamoja na wajukuu huko Kamachumu.