Mgongo wa Trekta

Kijiwe chetu kiko Lipangalala, ubavuni mwa mashine ya kukoboa mpunga. Pumba zikipeperuka zinaingia kwenye kahawa, nasi tunakunywa hivyo hivyo. Asiyetaka akanywe kwao. Asubuhi hiyo hatukuwa na raha. Kelestini, ambaye tangu ujana tunamwita Trekta kwa jinsi anavyolima, alikuja amejikunja, mkono mmoja kiunoni. Binti yake Angelina alikuwa amepiga simu kutoka Kidatu: baba, mgongo umekwisha, shamba la mpunga likodishwe. Na mtu wa kulikodi yuko njiani, anakuja kumkuta hapo hapo kijiweni. Mimi nilikasirika kuliko mwenye shamba. Mtu amelima bonde hili tangu hajaota ndevu, leo anastaafishwa kwa simu!

— Sikodishi, — alisema Trekta. — Huyo mtu akija anikute nimesimama wima, aone aibu, arudi alikotoka.

— Wima huo utautoa wapi? — aliuliza Nassib, tunayemwita Injinia kwa sababu aliwahi kufungua redio ikakataa kufungika. — Tatizo lako ni lami.

— Lami?

— Zamani ukitoka Mkula kuja hapa, basi linakurusha mpaka kichwa kinagonga paa, pingili za mgongo zinajipanga zenyewe. Siku hizi barabara laini, mifupa imelala. Haraka haraka haina baraka!

— Acha fiksi, — akadakia Waziri. Huyu ni Salvatory, ambaye hata ubalozi wa nyumba kumi hajawahi kuupata. — Ni nguzo za umeme. Umeme wa Kidatu unapita juu ya mashamba, unavuta chuma chote kilichomo kwenye damu, mgongo unabaki mlenda mtupu.

— Mbona wewe huumwi? — Injinia akamuuliza.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi mvunguni nimeshaondoa kila kitu.

Tulicheka. Trekta naye akacheka, kisha akashika kiuno. Iliniuma kumwona vile.

Hapo Waziri akakumbuka dawa: mama aliyezaa mapacha akikukanyaga mgongo, maumivu yanakimbia. Akampigia mama mmoja wa mapacha anayekaa nyuma ya kanisa, akajibiwa anakuja sasa hivi. Tukatandika magunia, Trekta akalala kifudifudi.

Haukupita muda, mama mmoja akatokea, kanga kiunoni, jembe begani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, — Waziri akaitika. — Vua ndala, mama, panda!

— Nipande wapi?

— Mgongoni kwa mzee. Anzia kiunoni, kanyaga taratibu.

Yule mama akatutazama mmoja mmoja.

— Mimi naitwa Wilhelmina. Nimekuja kuona shamba la kukodi.

Jamani, aibu! Na Trekta yuko chini, pua ndani ya gunia.

— Mwenye shamba ndiye huyo, — Injinia alisema kwa sauti ndogo. — Analikodisha kwa sababu anaumwa mgongo.

Wilhelmina akateremsha jembe, akajinyoosha kwa shida, akashika kiuno pale pale anaposhika Trekta.

— Kwani, wazee wangu, bonde hili lote, nani analima mpunga na haumwi mgongo?

Waziri akachungulia njia ya kanisani, kama mama wa mapacha anakuja. Injinia akageuka kuangalia barabara yake ya lami. Mimi nilinywa kahawa iliyokuwa imeshakwisha.

Ndipo Trekta akaanza kuinuka. Goti moja, mkono, goti la pili. Injinia alitaka kumshika, akasukumwa. Trekta akasimama. Hakuwa wima, nisidanganye, lakini alikuwa amesimama.

— Nusu lima wewe, — akamwambia Wilhelmina. — Nusu ni yangu. Binti yangu nitampigia mwenyewe.

— Na mgongo, mzee?

— Unauma. Twende, jua linapanda.