Manyoya kwenye Ukuta wa Masomo

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu kando ya meza ya kahawa ya Mama Kanku, ng'ambo ya shule ya msingi, hapa Kolwezi. Zamani Mbayo, mwenzetu wa ubaoni tunayemwita Pinceau, yaani brashi, alichora dinozori kwenye ukuta wa shule hiyo: mjusi wa kijivu wa miguu miwili, kucha kama mundu, mkia ukiburuta chini. Hakuna mtoto wa mtaa ambaye hajapigwa picha hapo. Asubuhi moja mwalimu Laure, aliyesoma hapo hapo utotoni, alivuka barabara akamsalimu Mbayo kwa heshima.

— Tata Mbayo, tunapaka ukuta rangi mupya. Naomba uchore tena dinozori, ile nyama ya zamani, lakini na manyoya.

— Manyoya? Ile haikuwa kuku.

— Iko ndugu ya kuku, Tata. Namna ile, kwa bukubwa, haikupita sana dindon, ile bata mzinga. Mu mifupa ya mukono bameona alama ya fasi kwenye manyoya ilishikia. Na mukia haikukokota chini. Ilikuwa juu, nyama inakimbia.

Kazadi, anayeitwa Parlement kwa kuwa hakosi hoja, aliweka kikombe chini.

— Ndiyo maana zilikufa. Bazee balisema: haraka haraka haina baraka.

— Jiwe kubwa ilianguka toka juu, Tata Kazadi.

— Sawa. Na manyoya ilienda wapi? Ilioza mu udongo, ikakuwa malachite, ile jiwe ya shaba. Sababu ya nini mawe yetu iko kijani? Dalili ya mvua ni mawingu.

— Basi bale bote ba mu mashimo banachimba kuku, alisema Mama Kanku, akimmiminia.

Laure alicheka.

— Shaba ya hapa ni ya zamani kupita zile nyama zote. Wakati zilizaliwa, yenyewe ilikuwa imelala kitambo.

Tulitazama vumbi miguuni petu kwa heshima kidogo.

Mbayo hakuwa amecheka.

— Kumbe batoto bote bale nimebadanganya.

— Hapana, Tata. Ulichora bile bitabu bilisema. Mi nilisomea mawe sababu ya ukuta yako. Hata benye kusoma mifupa banafuta, banachora tena.

Mbayo alimaliza kahawa yake. Jumamosi tulimwona akibeba ngazi, tukahamia ukutani na vikombe vyetu. Mkia uliinuka kwanza. Kisha yakaja manyoya, ya kahawia yenye ncha za kijani, moja moja.

— Iko muzuri, alisema Parlement.

Mama mmoja aliyeshuka kwenye gari lililotoka Sandoa alisimama na mzigo wake kichwani, akatazama kwa muda.

— Ilikuwa inalia namna gani?

Tukamgeukia Laure, aliyekuwa ameshika ngazi.

— Hiyo, mama, hatujue bado.

Mbayo alishuka ngazi polepole, akasimama kando ya yule mama, akamtazama yule mnyama kama mtu anayemwona mara ya kwanza.