Hulumuri ya Tajussirri

Benchi la Kaltuma, muuza kahawa wa Omdurman, lilikuwa na watu watatu asubuhi ile, na mmoja hakuweza kutulia. Huyo ni Tajussirri Mahjub, aliyefiwa na mkewe Nafisa miezi michache nyuma. Ramadhani ilikuwa kesho kutwa, binti zake wako njiani kutoka Kasala, na nyumba isiyo na hulumuri, kinywaji cha uji wa mtama uliokaushwa kisha kulowekwa, wakati wa kufuturu, kwake yeye, ni nyumba iliyokufa. Alikuwa ameisonga mwenyewe usiku, kazi iliyokuwa ya Nafisa, akachanganya uji wa mtama na kimea.

— Umeamkaje huo uji? akauliza Bashari Alnur, ambaye watu humwita Redio.

— Mzito vilevile. Ulipaswa uwe umelegea na kuwa mtamu. Nimeonja, kama tope!

— Jicho hilo, akasema Redio. Nani alipita ukisonga?

— Hakupita mtu.

— Basi paka. Paka wa jirani ana jicho baya kuliko mwenyewe.

Kaltuma akacheka huku akimimina. Abdulmajid Babikir, mwalimu mstaafu wa sayansi, akakohoa. Yeye kijiweni humwita Maabara.

— Acheni paka. Kimea kina vimeng'enya. Wanga ni mnyororo mrefu. Kimeng'enya kinaukumbatia, kinaupinda penye kiungo mpaka kiungo kinalegea na kukatika. Kinaachia vipande, kinashika mnyororo mwingine. Vile vipande ndivyo sukari.

— Chenyewe kinapata nini? akauliza Redio.

— Hakipati wala hakipungui.

— Dalali asiyekula cha juu? Omdurman hii? Muongo wewe! Mimi nasema mtama huo ulisafiri kwenye lori la mafuta ya taa. Au mtama wenyewe unamlilia Nafisa, umegoma.

— Mwacheni marehemu, akasema Tajussirri, akasimama, akaketi tena. Maabara, si wewe uliyeniambia joto huharakisha? Nikamwaga kimea uji ukitokota.

Maabara akaweka kikombe chini.

— Ukitokota? Ya Rabi! Nilisema joto, bwana, sikusema jehanamu! Kimeng'enya kina umbo lake. Ukikichemsha kinakunjuka, hakishiki tena kitu.

— Ungesema hivyo juzi!

— Hukuniuliza juzi!

— Kimea kilichobaki kinatosha mara moja tu, akasema Tajussirri. Mara moja.

Ndipo akafika Dafallah, fundi mwashi aliyehamia mtaani juzijuzi. Alikuwa amesikia nusu ya ugomvi akivuka barabara. Akasalimu, akaketi.

— Ami Tajussirri, akasema, na marehemu alikuwa akijuaje kwamba uji umepoa vya kutosha?

Redio na Maabara wakamgeukia Kaltuma.

— Mimi nanunua sokoni iliyokwisha kaushwa, akasema Kaltuma. Msinitazame.

Tajussirri alijaribu kumwona Nafisa kwenye sufuria. Aliuona mgongo wake tu, kutoka mlangoni, na yeye akipita kwenda kijiweni. Miaka yote ile, mgongo.

Akainuka.

— Kahawa yako! Kaltuma akamwita.

— Mpe Dafallah.

— Unakwenda wapi?

— Kwa Batuli, dada yake Nafisa. Mama yao aliwafundisha pamoja.

— Wewe na Batuli hamsemezani tangu matanga! akasema Redio.

— Najua, akasema Tajussirri, tayari yuko barabarani. Nitabisha hodi tu.