Mama Hapana Anaondoka, Kiti Bado Hakina Mtu

Mkurugenzi wetu, anayejulikana hadi kwa walinzi wa mtaa wa pili kama Mama Hapana, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya kukiongoza kituo hiki miaka ishirini na sita. Karani aliandika wasifu wake akaujaza huruma na machozi. Nimeuchana. Mimi ndiye fundi seremala wa kituo, nilianza naye, nimesoma kidogo, lakini hakuna anayemjua kunizidi. Meza mnazoegemea leo nimezitengeneza mimi. Angalieni kama kuna inayotikisika.

Alikuta hapa ni mahali pa kuwatunza wasioona. Walikalishwa kwenye benchi, wakapewa chai, wakapigwa picha na wageni. Wiki yake ya kwanza akaja mwenye kiwanda mmoja na magunia ya nguo kuukuu. Mama akamwambia, "Hapana. Lete nafasi za kazi, nguo watajinunulia wenyewe." Bwana yule akanuna, akapakia magunia yake. Mwaka uliofuata aliajiri wanafunzi wetu wawili kwenye ufungashaji. Jina likaganda hapo.

Tangu siku hizo wametoka hapa wapokea simu, walimu, watu wa kompyuta na maseremala. Maseremala ni wangu, na vidole vyao vyote wanavyo.

Kuna meneja wa hoteli alipiga simu kujisifu: kijana wetu wa simu anachelewa kila siku, lakini hawamsemi, maskini, haoni. Alidhani atashukuriwa! Mama alinikokota hadi kule, akaingia ofisini bila kubisha hodi.

"Wengine wakichelewa unawafanyaje?"

"Nawapa onyo, Mama."

"Na huyu?"

"Huyu jamani... nitaanzaje?"

"Mpe onyo! Akirudia, mfukuze! Kama huwezi kumfukuza hujamwajiri, umemfuga."

Kijana akapewa onyo. Kesho yake alifika kabla ya wafagiaji. Leo ni msimamizi wa zamu, na nasikia ni mkali kupita kiasi.

Sasa nakuja kwenye kinachonichemsha damu, na mtu asinikatize hapa. Naibu wa Mama ni mwanamke asiyeona, aliyefundishwa humuhumu. Kila Mama alipougua au kusafiri, yeye ndiye aliyekiendesha kituo. Ameomba kazi ya ukurugenzi. Bodi haikumwita hata kwenye usaili! Mwenyekiti alimshika bega, mimi nikiwa palepale narekebisha bawaba ya mlango, akamwambia, "Binti yetu, kazi hii ina makaratasi mengi, utachoka bure. Tutakutafutia kitu chepesi."

Naibu akamjibu, "Mzee, hizo ripoti unazoletewa kila mwezi unadhani anaandika nani?"

Mwenyekiti akacheka, akatoka zake.

Miaka yote hii tunagonga milango ya watu tukiwaambia waajiri wasioona. Mlango wa kwetu wenyewe tumeubana. Hii ni aibu, na siitafutii neno laini.

Nilimwambia Mama aibane Bodi, Naibu apewe kiti. Akanigeukia kama mtu aliyemkuta mwizi jikoni. "Hapana! Hapewi mtu kitu. Aitwe, ahojiwe, na akishindwa akataliwe kama wengine." Nikamnunia siku nzima. Halafu nikaona amesema kweli, na mimi si mtu wa kukubali hivyo mara nyingi.

Basi, Mwenyekiti, umeketi mbele na Naibu yuko kushoto kwako. Usimshike bega. Mtajie tarehe ya usaili wake kabla hujanyanyua glasi, ukumbi wote usikie. Bila hivyo, kiti cha mkurugenzi mpya mtakinunua dukani, maana mimi na vijana wangu hatutapiga hata msumari.

Mama, asante kwa kutukatalia mengi yaliyokuwa ya kutudhalilisha. Nenda ukalale mpaka jua likuamshe, uwagombeze wajukuu, ule ushibe, uishi miaka mingi na afya yako. Ugomvi huu uliobaki tuachie sisi.