Buluu Isiyochuja

Fundi cherehani aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa anatoka nchi jirani kununua vitambaa. Alimfunulia bibi waliyekaa naye kitambaa cha pamba cha buluu, alichokichimbua chini kabisa ya rafu za duka moja kuukuu.

"Gauni la harusi la binti yangu hilo, mama. Gusa uone."

Bibi akalowesha kidole kwa mate, akasugua. Kidole kikatoka safi. Akageuza pindo, akaduwaa kama mtu aliyeitwa jina lake na marehemu.

"Huu uzi mwekundu pindoni tulikuwa tunautia sisi, mwanangu. Hiki kimefumwa kiwandani kwetu."

Nikainuka kitini bila kujijua. Majora ya kiwanda hicho niliyabeba kwa bega hili. Walipokifunga walituambia nguo zetu zinachuja, hakuna anayezitaka. Aliyetamka maneno hayo namkumbuka mpaka tai yake. Ilikuwa imechuja.

"Usikikate," bibi akasihi. "Labda ndicho kilichobaki duniani kote."

"Kwani mlikifuma kilale kabatini? Mwanangu aolewe uchi?"

"Mtafutie kingine!"

"Kingine kitachuja, mama. Wewe mwenyewe si umeona?"

Abiria wakaanza kunyoosha mikono, mmoja mmoja, wakikigusa taratibu kama utosi wa kichanga. Hata kondakta, asiyesahau nauli ya mtu, aliisahau.

Basi likasimama. Fundi akainuka na kitambaa chake, lakini bibi hakuliachia pindo. Wakateremka pamoja, buluu imetanda katikati yao, wakibishana.