Wakili Aliyekula Pilau

Kwanza nilisikia nyundo. Ngo, ngo, ngo, kwenye mlango wa mbele, nami nimeketi chumbani gizani, nimejitanda shuka ya eda. Sikuuliza ni nani. Tangu mume wangu azikwe, sauti zote zilinifikia kama zinatoka chini ya maji.

Alikuwa shemeji yangu, anapigilia komeo lake kwenye nyumba yangu, hapa hapa Temeke.

"Ukimaliza eda, shemeji, utoke na mkeka wako," alisema nyuma ya pazia. "Nyumba ni ya kaka yangu. Nimeshafungua kesi kwa liwali."

Ndugu zangu, nawaambia kweli, sikuumia. Nilitazama tonge la ugali likikauka sahanini. Nyumba ile ndiyo mahari niliyoolewa nayo. Lakini mwenye eda hatoki, na nilijua asiyefika barazani kwa liwali hana kauli. Basi nikanyamaza.

Jirani yangu, huyu aliyenileta leo kwenye chama chenu cha wanawake, hakunyamaza. Alikwenda kwa mwalimu wa madrasa, ambaye kila baada ya alasiri huwasikiliza wenye kesi bila ujira. Mwalimu akaja, akakaa upande wa pili wa pazia.

"Mama, unahitaji wakili."

"Wale wa mjini wenye tai? Mwalimu, mie hata chumvi naazima."

"Hao kwa liwali hawaingii. Siku ya ndoa yako, nani alikupelekea kauli yako ya kukubali kwa shehe?"

"Wakili wangu. Mzee mmoja wa Kawe, rafiki wa marehemu baba."

"Ulimpa nini?"

"Alikula pilau."

"Basi aitwe. Pilau lile bado lina kazi."

Mnacheka. Mie siku ile sikucheka.

Mzee akaja na mkongojo wake. Akaniuliza kama alivyoniuliza nikiwa mwari: "Umeniwakilisha? Umenifanya wakili wako?" Zamani sauti yangu ilitetemeka kwa haya. Safari hii ilitoka kavu kama kumbi la nazi: "Nimekuwakilisha." Sauti yangu ikaenda barazani, mwili ukabaki gizani.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa na jirani. Shemeji aliapa hajui mahari yoyote, siku ya ndoa alikuwa Kilwa.

"Kilwa?" mzee akamshangaa. "Shehe alitaja nyumba, nawe umekaa pembeni yangu. Ulikula pilau mpaka ukalegeza mkanda!"

Watu wakaangua kicheko. Shemeji akapandwa na hasira: "Nile wapi? Pilau lenyewe lilikuwa na mchanga!"

Liwali akamwuliza taratibu, "Mchanga wa Kilwa?"

Liwali akakata shauri kwamba nyumba ni mahari yangu, ikabaki yangu. Jirani alinikumbatia akilia. Mie nilisikia tu kwamba kanga yake imelowa.

Namshukuru yeye, namshukuru mwalimu, na mzee wangu, Mungu amzidishie umri. Mwenzenu nilidhani wakili ni mtu wa kununuliwa. Kumbe kila mmoja wetu aliyeolewa alishakuwa naye. Ukibanwa, uliza. Na ukishindwa kuuliza, kama mimi, basi jirani yako akuulizie.

Shemeji alirudi kung'oa komeo lake. Nilisikia misumari ikilia mmoja mmoja. Alipomaliza alisimama kidogo, labda akingoja nimtukane. Sikuwa na tusi, wala chozi. Akatoka. Nikainuka, nikaufunga mlango nyuma yake.